Bakshishi si mshahara, na hawa walijua mapema

Kila wikendi mjadala ni ule ule. Mkimaliza nyama choma, weita aachiwe ngapi? Mmoja anatoa soo, mwingine anaangalia dari, na wa tatu anauliza, "Kwani hawa hawalipwi?" Wengi humwona bahili. Mimi naona huyo ndiye ameuliza swali la maana, na kuna watu walilipigania kwa miaka 12.

Twende Marekani, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeisha 1865. Utumwa umepigwa marufuku, lakini watu weusi wengi wako huru bila shamba wala pesa. Mwaka wa 1867 George Pullman anaanzisha kampuni ya mabehewa ya kulala, yaani hoteli inayotembea kwa reli. Wahudumu anaajiri watu weusi, na wengi wa kwanza walikuwa wametoka utumwani. Kazi yao? Kutandika vitanda, kupiga viatu rangi, kubeba mizigo, kuamka usiku abiria akipiga kengele. Abiria wengi hata hawakuwauliza majina. Waliwaita tu "George", jina la mwenye kampuni, vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake.

Mshahara ulikuwa mdogo, kwa sababu kampuni ilijua abiria watajazia. Tume ya serikali ilipoichunguza mwaka wa 1915, mhudumu alikuwa analipwa dola 27.50 kwa mwezi. Na unajua nani alikuwa rais wa kampuni hiyo kuanzia 1897 hadi 1911? Robert Lincoln, mtoto wa Abraham Lincoln, yule yule anayekumbukwa kwa kukomesha utumwa. Isome tena hiyo pole pole.

Ukitegemea bakshishi, kila abiria ni bosi wako. Akikutukana, unacheka. Ukikasirika, watoto wanalala njaa.

Majimbo kadhaa yalijaribu kupiga bakshishi marufuku, Washington ikitangulia mwaka wa 1909. Kufikia 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Na hata zingebaki, kumkataza abiria kutoa hakumwongezei mhudumu mshahara.

Wahudumu wenyewe walichukua njia nyingine. Mwaka wa 1925 waliunda chama chao, kikiongozwa na A. Philip Randolph. Kampuni iliwafuta wanachama kazi na kuwatumia wapelelezi. Hawakuachana nayo. Mwaka wa 1937 kampuni ilitia sahihi mkataba: nyongeza ya mshahara, na mwezi wa kazi ukashuka kutoka karibu saa 400 hadi 240.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Tangu 1966 sheria ya Marekani inamruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara wa weita. Kima cha chini cha kitaifa kwa wafanyakazi hao kimekwama kwa dola 2.13 kwa saa tangu 1991. Bakshishi ikipungua, mwajiri anafaa kujazia, lakini mzigo wa kwanza uko kwa mteja.

Sasa rudi kwetu. Neno bakshishi asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni zawadi. Zawadi haiwezi kulipa kodi ya nyumba kila tarehe tano. Siku ya mvua wateja hawaji, na landlord hajali.

Sisemi usitoe. Toa kama umehudumiwa vizuri, mpe mkononi, mwangalie usoni, sema asante, na umwite kwa jina lake. Kama huna, heshima haina bei. Lakini tuache kugombana sisi kwa sisi mezani kuhusu soo, huku mwenye hoteli amekaa kimya pale kaunta.

Na wewe unayetafuta kazi, ukiambiwa "mshahara ni kidogo lakini tips ziko", ujue maneno hayo yana zaidi ya miaka mia. Uliza mshahara kwanza.