Kaugusa Wavu, au Wavu Umemgusa?

Katika lugha ya kabumbu, nyavu ni furaha. Mshambuliaji huzitikisa, huzifumania, hucheka nazo, na mtangazaji anayerudia kitenzi kimoja kila bao linapoingia huonekana bado hajaiva. Hamia kiwanja cha jirani, penye nguzo mbili na mpira wa mikono, na neno lilelile linageuka kuwa shtaka. Filimbi inalia, mchezaji anatandaza viganja kukana, watazamaji wanapaza sauti: "Wavu!" Hawataji kitenzi, hawamtaji mtenda. Ubishi huanzia hapo, kwa sababu kanuni ya kimataifa haiadhibu kutikisika kwa wavu. Inaadhibu tendo la mtu fulani, kwenye sehemu fulani ya wavu, katika muda fulani wa mchezo.

Mchezo wenyewe tuliupa jina zuri. William G. Morgan alipoubuni mwaka 1895 huko Holyoke, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, aliuita Mintonette, na mwaka uliofuata ukapewa jina linalotokana na kuupiga mpira kabla haujaanguka chini. Waswahili hatukuangalia mpira unavyopigwa. Tuliangalia kitu kilichosimama katikati, tukasema mpira wa wavu, ingawa Kenya wengi husema voliboli na wanaeleweka vizuri tu. Uteuzi huo una mtego mmoja kwa wafasiri: anayetafsiri netiboli kipande kwa kipande atapata pia "mpira wa wavu", ilhali huo ni mpira wa pete, mchezo tofauti kabisa. Mtego huo unavumilika, maana jina letu limegusa kiini cha mchezo. Ni michezo michache ya timu ambayo wapinzani hukaa kila mmoja upande wake tangu mwanzo hadi mwisho, na kitu kinachowatenga ndicho chenye sheria nyingi kuliko mpira.

Kwa vipimo, wavu wa mashindano una upana wa mita 1 kutoka juu hadi chini na urefu wa mita 9.5 hadi 10, ukifumwa kwa matundu ya sentimeta 10 kwa 10. Ukingo wa juu umeshonewa utepe mweupe wa sentimeta 7. Ukingo huo huwa mita 2.43 kutoka sakafuni kwa wanaume na mita 2.24 kwa wanawake, ukipimwa katikati ya uwanja. Juu ya mistari ya pembeni unaruhusiwa kuzidi kwa sentimeta 2, si zaidi, na pande zote mbili lazima zilingane. Wavu wa Morgan ulikuwa na kimo cha futi sita na nusu, yaani chini kidogo ya mita 2, hivyo mtu mrefu wa leo angeuchungulia kwa juu.

Vipimo hivyo havikosi mtu wa kuvisimamia. Kinachohitaji maelezo ni fimbo mbili zenye mistari myekundu na myeupe zinazofungwa kwenye wavu, kila moja juu ya mstari wake wa pembeni. Ni antena. Haina redio wala mawimbi, lakini jina limeshika na sioni sababu ya kulibadili. Kila moja ina urefu wa mita 1.8, na sentimeta 80 zake huchomoza juu ya utepe. Kazi yake ni kuweka mpaka wa mahali mpira unaporuhusiwa kupita: juu ya wavu, kati ya antena mbili na mstari wa kufikirika unaozirefusha kwenda juu hadi darini. Mahali hapo panahitaji jina, na Kiswahili kinalo tayari katika kauli ya kutendea: nafasi ya kuvukia. Nilijaribiwa na neno kivuko, ambalo ni fupi na linatamkika vizuri kwenye kipaza sauti, ila msomaji wa Kigamboni ataona pantoni.

Mpira unaopita katika nafasi ya kuvukia unaruhusiwa kuugusa wavu. Tangu mwanzoni mwa karne hii hata mpira wa kuanzishia unaruhusiwa. Zamani mpira wa kuanzishia ulioparuza utepe ulikuwa kosa hata ukiangukia ndani ya uwanja wa wapinzani, na wapo makocha wa shule wanaoendelea kulifundisha hilo hadi leo. Mpira ukigusa antena, au ukivuka moja kwa moja kuingia uwanja wa wapinzani ukiwa nje ya antena, umetoka.

Sasa mchezaji. Kanuni inayotumika inasema kwamba mchezaji akiugusa wavu kati ya antena mbili wakati wa tendo la kucheza mpira, ametenda kosa. Maneno "wakati wa tendo la kucheza mpira" yamebeba uzito wote, na ndiyo yanayopotea katika ule ukelele wa neno moja. Tendo hilo linahesabiwa tangu kuruka, linaendelea katika kupiga au kujaribu kupiga, na linaisha mchezaji anapotua salama akiwa tayari kwa tendo jingine. Aliyepiga smashi kali, akatua akiyumba, kisha akaushika wavu asianguke, bado yumo ndani ya tendo. Amekosa, hata kama mpira ulikuja kugonga sakafu ya upande wa pili na pointi ilikuwa mdomoni, mradi aliugusa kabla mpira haujaanguka. Na aliyeruka kudanganya, mpira ukapigwa na mwenzake aliye hatua moja kutoka hapo, naye yumo, kwa sababu kanuni inamhesabu hata aliye karibu na mpira unaochezwa au anayejaribu kuucheza bila kuufikia. Lakini mlinzi aliye mbali na mpira, akigeuka kurudi nyuma bega lake likausugua wavu bila kumwathiri mtu, hana kosa. Vivyo hivyo anayegusa nguzo, kamba, au kile kipande cha wavu kilicho nje ya antena, alimradi haingilii mchezo.

Kanuni hii haikuwa hivi daima, na mabadiliko yake yanaeleza kwa nini marefa wa rika tofauti hubishana. Kwa miaka mingi kuugusa wavu kulitosha kuwa kosa. Kuanzia mwaka 2009 Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu lililegeza: kuugusa hakukuwa kosa mpaka kuuingilie mchezo, na mchezaji anayecheza mpira alihukumiwa hasa akigusa utepe wa juu. Mchezo ukapata mapambano marefu zaidi, na pia mabishano marefu zaidi, maana refa alitakiwa kuona kwa kufumba na kufumbua kama kidole kimegusa utepe au tundu lililo chini yake. Mwaka 2015 wavu wote kati ya antena ukarudi kuwa marufuku kwa anayecheza mpira. Kwa maoni yangu walirudi mahali sahihi, kwa kuwa swali la "nani alikuwa anacheza mpira" linajibika kwa macho kuliko swali la sentimeta.

Kwa hiyo napendelea istilahi kosa la wavu badala ya kugusa wavu. Ya pili inataja tendo lisilo kosa kila mara. Ya kwanza inaacha nafasi ya mambo mengine yaliyo kundi moja na hilo: kujiegemeza kwenye wavu, kuuvuta ili kupata nafuu isiyo halali, kumzuia mpinzani anayejaribu kuucheza mpira kihalali. Hata hivyo, kitenzi kugusa hakina haja ya kutupwa. Kinafanya kazi moja ambayo kiranja wa marefa angelazimika kuieleza kwa aya nzima.

Mpira ukipigwa kwa nguvu ndani ya wavu, wavu unavimba kuelekea upande wa pili na kumgonga mlinzi aliyesimama na mikono juu. Kanuni inasema mlinzi huyo hana kosa. Watazamaji wanaona kitu kimoja tu, wavu na mkono vimekutana, na wanapiga kelele. Kwa Kiswahili kesi inaisha kwa viambishi viwili. "Kaugusa wavu": mtu ndiye mtenda. "Wavu umemgusa": wavu ndio mtenda, na wavu haushtakiwi. Refa wa shule anayefundisha wanafunzi wake kusema sentensi kamili, badala ya kupiga ukelele wa neno moja, amewafundisha nusu ya kanuni bila kufungua kitabu. Katika mashindano makubwa, Olimpiki ya Paris 2024 ikiwemo, ambako Malkia Strikers wa Kenya walicheza, timu huomba marudio ya video, na kinachotazamwa polepole kwenye skrini mara nyingi ni hichohicho: nani alianza kumwendea mwenzake. Nywele nazo zimefikiriwa. Msuko ukigusa wavu si kosa, labda kama unamzuia mpinzani au unasimamisha mchezo.

Kuna kosa jingine la wavuni ambalo huchanganywa na hilo, nalo halihitaji wavu kuguswa hata kidogo. Ni pale mkono unapopita juu ya utepe na kuukuta mpira ukiwa bado upande wa wapinzani. Wengi husema "kavuka", na neno hilo limechoka, maana mpira unavuka, mguu unavuka, na mkono nao unavuka. Kauli ya kutendesha inatusaidia: kuvusha mkono. Mpira huvuka, mchezaji huvusha mkono wake. Mpigaji anaruhusiwa kuvusha mkono baada ya pigo, ikiwa aliugusa mpira ukiwa upande wake. Mkono hufuata tu mwendo. Mzuiaji, yule anayepiga bloku, ana uhuru zaidi: anaweza kuugusa mpira ng'ambo ya wavu, lakini asiingilie kabla wapinzani hawajamaliza pigo lao la kushambulia. Uhuru huo ulipatikana baada ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, ambapo mchezo huu ulishirikishwa kwa mara ya kwanza, na ulibadilisha kabisa sura ya ulinzi. Kabla ya hapo mzuiaji alisimamisha mikono upande wake na kusubiri kujeruhiwa.

Mgumu kwa refa ni mpira wa pili. Mpangaji ananyanyua mpira karibu kabisa na utepe, mzuiaji anavusha mikono na kuupiga. Kama mpira ule ulikuwa unaelekea kwa mshambuliaji aliyekwisha kujiandaa, mzuiaji kaiba nafasi isiyo yake na ni kosa. Kama mpangaji aliusukuma uende upande wa pili, hilo tayari ni pigo la kushambulia na mzuiaji yuko huru. Ishara ya refa ni kiganja kilichoelekea chini, kikiwekwa juu ya wavu.

Chini ya wavu, istilahi inayovutia kwa haraka ni kupenya. Siipendi. Penye kabumbu, pasi ya kupenyeza ni sifa. Na kupenya ni kupita katika tundu au mwanya, ilhali anayepita chini ya wavu hapiti katika tundu lolote, ana nafasi wazi ya mita moja na zaidi. Kuingia chini ya wavu kunatosha, na kwa mguu tuseme kuvuka mstari wa kati. Mstari huo una upana wa sentimeta 5. Mguu unaruhusiwa kukanyaga uwanja wa wapinzani kama sehemu yake yoyote bado imegusa mstari au iko juu yake wima. Kisigino kilichobaki juu ya mstari kinauokoa mguu mzima. Mkono, goti au kiwiliwili vinaweza kuteleza hadi ng'ambo, sharti visiwaingilie wapinzani. Watu hudhani sheria hii ni ya kulinda mpaka. Zaidi inalinda vifundo vya miguu, kwa sababu anayetua akitoka juu hana namna ya kuona mguu wa mtu uliolala chini yake.

Kuhusu bloku kuna maneno mafupi tu. Anayeruhusiwa ni mchezaji wa mstari wa mbele. Walio nyuma hawakamilishi bloku, na libero, yule mchezaji maalumu wa ulinzi, haruhusiwi hata kujaribu. Mpira wa kuanzishia hauzuiliwi. Mguso wa bloku hauhesabiwi kati ya miguso mitatu ya timu, na mzuiaji mwenyewe anaweza kuucheza mpira tena papo hapo. Hilo lilianza mwaka 1976, na bila hilo timu iliyozuia ingebaki na miguso miwili ya kujipanga.

Linabaki pambano la viganja vinne juu ya utepe, ambalo watoto wa mtaani hulipenda kuliko jambo jingine lolote: wapinzani wawili wanaukuta mpira kwa wakati mmoja na kusukumana. Zamani mpira ukibanwa hapo kwa muda refa alisimamisha na mpira ukachezwa upya. Sasa mchezo unaendelea. Ukianguka ndani ya uwanja wa upande mmoja baada ya msukumano, upande huo unapata miguso mitatu mipya ya kuuokoa. Ukiangukia nje ya uwanja, aliyekosa ni yule wa upande wa pili wa wavu, yaani aliyeshinda nguvu. Aliyesukumwa ndiye anayepata pointi, na ni kazi ya refa wa kwanza, aliyesimama juu ya kiti chake karibu na nguzo, kumweleza hivyo mshindi wa nguvu anayeshangilia.