Misafara ya Wakamba: Kutoka Mbooni na Kitui hadi Mombasa

Mji wa Kikima uko juu ya milima ya Mbooni, katika kaunti ya leo ya Makueni. Simulizi za Wakamba zinaitaja Mbooni kuwa makao makongwe ya kabila hilo, ambako wahenga waliweka maskani baada ya kutoka pande za Kilimanjaro, yapata karne ya 17. Milimani kuna mvua na vijito. Watu walipoongezeka, baadhi yao walivuka mto Athi kwenda Kitui, ambako jua ni kali na mavuno hayana uhakika. Biashara ya Wakamba ilianzia kwenye tofauti hiyo ya ardhi.

Mwaka wa ukame, watu wa nyanda kavu walifunga safari ya kutafuta chakula, safari iliyoitwa kuthuua kwa Kikamba. Walibeba vitu vya mafundi na wawindaji wao, kama vile minyororo, silaha za chuma, asali na sumu ya mishale, wakarudi na nafaka. Aliyekuwa na jamaa au rafiki wa kuchanjiana damu kwenye mavuno mazuri alijua pa kupiga hodi. Kwa hiyo, kabla meno ya tembo hayajapanda bei, njia zilikuwa zinajulikana tayari, na wenyeji wa kupokea wageni walikuwepo.

Hitaji la meno ya tembo lilikua kwa kasi wakati wa Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1833 alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa cha merikani kikazidi kumiminika pwani. Wakamba walikuwa wawindaji hodari wa tembo, lakini kuwinda peke yake kusingewatajirisha, maana pembe iliyolala Kitui ilikuwa mbali na mnunuzi kwa zaidi ya kilomita 300, nyika kavu ya Taru ikiwa katikati. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliandika kwamba Wakamba walikwenda bara kutafuta pembe kwa misafara ya watu 200 hadi 300, na kwamba wao ndio waliounganisha pwani na bara. Waliuza pembe na ng'ombe. Walichukua nguo, shanga, shaba na chumvi.

Nguvu yao kubwa, hata hivyo, ilikuwa nyuma ya Mombasa. Njaa ya miaka ya 1830 ilikuwa imewasukuma Wakamba wengi kuhamia jirani na Rabai. Waliokimbia njaa wakawa mawakala: msafara kutoka Kitui ulipata pa kulala na mtu wa lugha yao aliyezifahamu bei za mjini. Mfanyabiashara wa leo angelipa pesa nyingi kupata huduma kama hiyo. Wao waliipata kwa undugu.

Kivoi, mfanyabiashara wa Kitui, anaonyesha ukubwa na udhaifu wa mfumo huo. Alikuwa na mafungamano mpaka kwa Waembu, ng'ambo ya mto Tana, na misafara yake ilifika Mombasa. Krapf alikuwa mgeni wake Kitui alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Mwaka 1851 walisafiri pamoja kuelekea Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi, na Kivoi akauawa. Mafungamano yake yalisimama juu ya heshima yake binafsi, na heshima hairithiwi kama ng'ombe.

Anguko la biashara hiyo lilikuwa na sababu pana zaidi. Tembo walipungua karibu na Ukambani, kwa hiyo pembe zilifuatwa mbali zaidi. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili nao, wakiwa na mtaji wa wakopeshaji wa pwani na bunduki, walianza kwenda bara wenyewe katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mkamba aliyekuwa muuzaji akabaki mara nyingi kuwauzia chakula waliopita, na wengine wakaingia katika biashara ya watumwa. Kisha Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo Machakos, huko huko Ukambani, mwaka 1889.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1899, Ukambani ukiwa katika njaa kuu iliyoitwa Ngomanisye, reli ilifika Nairobi. Ilipita nyanda za chini, mbali na milima ya Mbooni, na mizigo ya pwani na bara haikuwahitaji tena wapagazi wa Kikamba.