Umuganda

Umuganda ni kazi ya pamoja ya jamii inayofanywa nchini Rwanda Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kwa kawaida kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Asili yake ni desturi ya majirani kusaidiana kulima na kujenga nyumba. Mwaka 1974 serikali ya Rais Juvénal Habyarimana iliifanya mpango wa taifa. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilirejeshwa mwaka 1998, ikatungiwa sheria mwaka 2007.

Sheria hiyo inawahusu Wanyarwanda wenye umri wa miaka 18 hadi 65 walio na uwezo wa kufanya kazi. Asiyeshiriki bila sababu anaweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Kazi husimamiwa na serikali za mitaa kuanzia ngazi ya kijiji, iitwayo *umudugudu*. Mijini, hasa Kigali, wakazi hufagia barabara, huzibua mitaro, hufyeka nyasi na hupanda miti, kisha hukutana kujadili usalama na maendeleo ya eneo lao. Umuganda huhesabiwa miongoni mwa sababu kuu za usafi wa Kigali.