Kufuta kwa Mmweko: Historia ya Jina na Funzo kwa Mfasiri

Miongoni mwa maneno yanayomsumbua mfasiri wa vitabu vya ufundi ni jina la ile kumbukumbu ya kielektroniki ambayo mtaani huitwa "flashi". Wako wanaoandika mmweko, wako wanaoandika mweko, na wako wanaoliacha neno kama lilivyo. Katika makala hii hatukusudii kuamua ni lipi lililo bora, ingawa sisi tutatumia mmweko. Tunakusudia kueleza historia ya kitu chenyewe, kwa kuwa mfasiri asiyeijua historia hiyo aweza kupata jina zuri na bado akampoteza fundi.

Tuanze na maikrokontrola. Hiyo ni kompyuta ndogo iliyokusanywa ndani ya chipu moja, nayo ndiyo inayoongoza mashine ya kufulia, mita ya umeme na vifaa vingine vingi. Programu yake haina budi kukaa mahali ambapo haitapotea umeme ukizimwa.

Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alionyesha kumbukumbu ya namna hiyo iliyoweza kufutwa na kuandikwa upya. Elektroni zilifungiwa ndani ya kijisehemu cha silikoni kilichozungukwa na kihami pande zote, zikabaki humo kwa miaka mingi. Ili kuifuta, chipu ilimulikwa kwa miale ya urujuanimno kupitia kidirisha kilichokuwa juu yake, na kazi hiyo ilichukua dakika 20 hivi. Mwaka 1976 Intel ilitoa maikrokontrola ya 8748 yenye kumbukumbu ya aina hiyo ndani yake.

Kidirisha hicho kilileta maradhi yake. Jua likiipiga chipu moja kwa moja liliweza kuifuta kwa muda wa wiki moja hivi, na taa za tyubu za chumbani kwa muda wa miaka 3 hivi. Kwa hiyo mafundi walibandika karatasi juu ya kidirisha. Aliyeletewa mashine iliyosahau kazi yake alifanya vyema kuangalia kwanza kama karatasi hiyo ingali mahali pake. Wakati huo mwanga ulikuwa ndio mfutaji hasa.

Mwaka 1984, katika mkutano wa wahandisi uliofanyika San Francisco, Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani alieleza kumbukumbu mpya iliyofutwa kwa umeme, tena fungu zima kwa mara moja. Inasimuliwa kwamba jina lake lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, ambaye ufutaji huo wa ghafla ulimkumbusha taa ya kamera ya kupigia picha. Hapa mfasiri na atulie kidogo. Jina hili halisemi habari za mwanga, maana hapana mwanga unaotumika. Halisemi pia wepesi wa kusoma wala wa kuandika. Linataja jambo moja tu, nalo ni kufuta mafungu kwa pamoja.

Jambo hilo ndilo linalotawala kazi ya fundi. Kwa kawaida yetu, ubao uliofutwa ni ubao mtupu, na utupu tunauandika kwa sifuri. Katika kumbukumbu nyingi za mmweko mambo ni kinyume, kwani biti zilizofutwa husomeka kuwa 1, na kuandika ni kugeuza 1 kuwa 0. Biti ikiisha kuwa 0 haiwezi kurudishwa peke yake; ni lazima fungu zima lifutwe. Mathalani, mahali palipo na 1010 pakiandikwa 1100 bila kufutwa kwanza, patasomeka 1000. Mfasiri akiandika "andika juu ya yaliyomo" pale ambapo kitabu kinadai kufuta kwanza, fundi atapata namba ambayo hakuiandika mtu yeyote, naye ataishutumu chipu isiyo na kosa.

Mwaka 1993 kampuni ya Atmel ilitoa maikrokontrola ya AT89C51, ambayo programu yake hukaa katika kumbukumbu ya mmweko. Fundi hakuhitaji tena taa wala kidirisha. Hata hivyo wepesi huo una kikomo, kwani kila ufutaji hukichosha kihami. Chipu hiyo ilihesabiwa kuvumilia mizunguko 1,000 ya kufuta na kuandika. ATmega328P iliyokuja baadaye ilihesabiwa 10,000. Programu inayoandika mahali pamoja kila dakika huimaliza hesabu ya 10,000 kwa siku 7 tu.

Sasa tufikie neno ambalo twaliona ni la hatari: "kumbukumbu imekufa". Usemi huu huchanganya hitilafu 3 zisizofanana. Ya kwanza ni uchakavu: fungu lile lile hukataa kufutika au kushika kilichoandikwa, hata likijaribiwa tena na tena. Ya pili ni kuvurugika kwa yaliyomo: mathalani umeme ulipungua katikati ya kuandika, lakini fungu likifutwa na kuandikwa upya husomeka sawasawa. Dawa yake ya kudumu ni kuilinda chipu isiandike volteji inapokuwa chini. Ya tatu ni hitilafu ya usimamizi: kumbukumbu ni nzima, ila programu inayoisimamia imekosea.

Thamani ya kutenganisha mambo haya ilionekana mbali sana na karakana zetu. Chombo Spirit cha Marekani kilitua katika sayari ya Mirihi mwezi Januari 2004. Kompyuta yake ilikuwa kubwa kuliko maikrokontrola, lakini nayo ilitegemea kumbukumbu ya mmweko. Tarehe 21 Januari mawasiliano yakaharibika. Kompyuta ilikuwa ikijizima na kujiwasha tena na tena, zaidi ya mara 60, huku betri zikiishiwa nguvu. Wahandisi waliiamuru iwake bila kuigusa kumbukumbu hiyo, nayo ikatii. Ndipo ilipobainika kwamba mafaili yalikuwa yamerundikana mno, na kazi ya kuyaorodhesha ilimaliza nafasi katika kumbukumbu ya muda. Mwezi Februari kumbukumbu ya mmweko ilifutwa na kupangwa upya. Spirit, iliyokusudiwa kufanya kazi siku 90 za Mirihi, iliendelea kuwasiliana na dunia hadi Machi 2010. Laiti wangeridhika kusema kwamba kumbukumbu imekufa, kazi ingeishia hapo.

Kwa sababu hizi tunapendekeza kwamba mmweko lifafanuliwe katika orodha za istilahi kwa tendo la kufuta mafungu kwa pamoja. Kwamba kufuta, kuandika na kupanga upya yasibadilishane nafasi. Na kwamba uchakavu, kuvurugika kwa yaliyomo na hitilafu ya usimamizi yawe maingizo 3 mbalimbali. Walimu na watafsiri walio karibu na mafundi tunawaomba wayapime maneno haya karakanani, kwani fundi ndiye atakayeonyesha kama yanatosha.