"May" ya Ruhusa na "May" ya Mbugani: Kiingereza Kilosa na Mikumi

Mtanzania aliyepita shule anaweza kusahau vitenzi vyote alivyokaririshwa, lakini "May I come in?" haimtoki. Aliijua akiwa amesimama mlangoni, amechelewa, macho yote ya darasa yakimtazama yeye. Ndiyo maana "may" ilimkaa kichwani kama neno la kuombea ruhusa. Kazi yake nyingine, ile ya kusema kwamba jambo huenda likatokea na huenda lisitokee, ilimfikia baadaye sana, na wengine haikuwafikia kabisa. Wilaya ya Kilosa ni mahali pazuri pa kuona jinsi hali hiyo ilivyojengeka, kwa sababu ruhusa ilikaa ofisini na darasani, na kubahatisha kukapata makao kwenye hifadhi ya Mikumi.

Wazungu wa kwanza kuandika Kiingereza na lugha za huku bega kwa bega walikuja kujifunza kabla ya kufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Joseph Thomas Last wa shirika la kimisionari la CMS aliishi Mamboya, kwenye milima ya Ukaguru. Alikusanya maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48, mkusanyo uliochapishwa London mwaka 1885, na mwaka uliofuata ikatoka sarufi yake ya Kikaguru. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini njia ya kukusanya maneno kwa kuuliza na kuonyesha inafaa zaidi kwa mti, maji na nyumba. "Pengine" huwezi kulinyooshea kidole.

Wajerumani walitegemea Kiswahili katika shule zao za serikali, na wakajenga reli iliyotoka Dar es Salaam, ikapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914. Waingereza waliiteka Kilosa Agosti 1916. Kiingereza kikawa lugha ya mafaili.

Katika mafaili hayo "may" ilikuwa na uzito wa mamlaka. Sheria ya tawala za wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri kadhaa, na lugha ya sheria za namna hiyo ni moja: mtawala "may" afanye hili, raia "shall" atimize lile. Mpaka leo Sheria ya Tafsiri ya Sheria za Tanzania, kifungu cha 53, inaeleza kwamba "may" humwachia mwenye mamlaka hiari, na "shall" humlazimu. Hakuna ubashiri hapo. Karani aliyejifunza Kiingereza katika nyaraka hizo angestahili kusamehewa kama alidhani "may" ni mali ya bwana shauri, yule ofisa wa kikoloni wa wilaya.

Shule nazo zilifuata mkondo huohuo. Baada ya mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa 1925, Kiswahili kilikabidhiwa madarasa ya chini, na Kiingereza kikawasubiri wachache waliovuka kwenda juu. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, huku sekondari ikibaki na Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliwapima wanafunzi wa sekondari na kukuta wengi wao hawawezi kusoma vitabu vya masomo yao. Katika hali hiyo, nani angepata muda wa kutofautisha "may" na "might"? Mwalimu alijaza ubao, wanafunzi wakanakili.

Na tofauti hizo zinahitaji muda. Zamani "may" ilihusu nguvu, na alama yake ipo bado: "might" likiwa nomino maana yake ni nguvu. "Can" ilihusu kujua. Kwa karne nyingi vitenzi hivi vilisukumana na kubadilishana viti, hata uwezo ukaangukia kwa "can", "may" ikabaki na ruhusa pamoja na uwezekano.

Mwanafunzi wa Kilosa akiona wingu zito juu ya milima ya Rubeho atasema "It can rain today", kwa kuwa Kiswahili chake kinamwambia mvua inaweza kunyesha. Mwingereza humwelewa, ila mwenyewe asingesema hivyo. Kwake "It can rain very hard here in April" ni habari ya tabia ya mahali. Mvua ya leo mchana ni "It may rain", au "It might rain" kama shaka imezidi kidogo. "Could" nayo hufaa pale mtu anapotaja jambo moja kati ya mengi yanayowezekana: "The river could burst its banks." Kilosa sentensi hiyo si ya kitabuni. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulivunja kingo, maelfu ya watu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika. Ukanushaji ndio mtego mkubwa zaidi: "It may not be true" huacha mlango wazi, "It can't be true" huufunga kwa komeo.

Darasa ambalo halikuandikwa na wizara yoyote lilifunguliwa mwaka 1964, Mikumi ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hupita katikati yake kwa kilomita 50 hivi. Wageni walikuja, na wageni wana swali moja: tutaona nini?

Hapo mwongoza watalii hawezi kujificha nyuma ya ruhusa. Akiahidi simba na simba asionekane, lawama ni zake. Kwa hiyo hupima maneno kulingana na mnyama. Kwenye bwawa la viboko anathubutu "We will see hippos", maana viboko hawana pa kwenda. Twiga wa uwanda wa Mkata wanastahili "should": wanatarajiwa. Simba ni "may". Mbwa mwitu, wanaozunguka mbali na kuonekana kwa nadra, ni "might", tena kwa sauti ya chini. Akikuta kinyesi cha tembo ambacho bado kina unyevu anasema "They must be near", na hiyo si amri kwa tembo, ni hitimisho la mtu aliyesoma alama. Mtahini wa kidato cha nne angefurahi kumpa maksi zote.

Kuna na sentensi za majuto. Gari mbili zinapokutana njiani, dereva wa ile inayorudi huwaambia wenzake "You should have been here ten minutes ago". Simba walikuwa pale pale, kivulini. Mgeni anageuka kumtazama mwongozaji wake, naye anajibu "They may have crossed the road". Mara nyingi yuko sahihi, na walioshuhudia simba hao wakivuka ni abiria wa basi la Iringa, ambao hawakulipa kiingilio.