Bao Huanzia Pembeni: Karne ya Krosi na Ufungaji Nairobi

Kombe la kwanza kugombewa na mataifa ya Afrika Mashariki lilitoka kwa watengenezaji wa sabuni. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikutana Nairobi kuwania Kombe la Gossage, na Kenya ikalitwaa baada ya mechi kurudiwa. Soka ya enzi hizo ilikuwa na mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano. Kati ya hao watano, wawili walikuwa mawinga waliokanyaga chaki muda wote wa mchezo. Kazi yao ilikuwa kuukimbiza mpira hadi karibu na kibendera cha kona, kisha kuurudisha katikati ambako wenzao watatu walikuwa wakiusubiri.

Nimeanzia hapo kwa sababu historia ya ufungaji Nairobi huandikwa kwa kuwafuata wafungaji peke yao. Majina yao tunayajua kwa moyo. Lakini mabao mengi ya jiji hili yalizaliwa mita thelathini kutoka langoni, kwenye mguu wa mtu aliyekuwa akikimbia huku akiangalia nani anaingia. Ukitaka kujua kwa nini tulifunga sana enzi fulani na kwa nini tulikauka enzi nyingine, tazama kule pembeni.

Mpira wa miaka ile ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba, na ukilowa mvua uliongezeka uzito vibaya. Wachezaji wengi Waafrika walicheza miguu mitupu. Timu ya Uganda iliyozuru Uingereza mwaka 1956 ilicheza hivyo hivyo, pekupeku, mbele ya watu waliozoea viatu vya njumu. Kuinua mpira mzito kwa mguu usio na kiatu kulidai ustadi wa pekee: mguu wa kusimamia uwe pembeni mwa mpira na nyuma yake kidogo, kifundo kikazwe, mpira upigwe kwa sehemu ya juu ya mguu chini ya kitovu chake. Naye aliyeupokea kwa kichwa alilazimika kuupiga kwa paji la uso macho yakiwa wazi, maana akikosea, kamba ilimchana.

Shule za misheni zilichangia mno. Upande wa magharibi wa jiji, ukipita Dagoretti na kuingia Kikuyu, kulikuwa na Shule ya Upili ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka huo huo wa 1926. Mwalimu mkuu wake kuanzia 1940 hadi 1962, Carey Francis, alikuwa mwanahisabati kutoka Cambridge aliyeipenda soka kwa dhati na aliyeifundisha katika shule ya Maseno kabla ya hapo. Huko kiwanja kilikuwa na vipimo kamili, mistari na magoli yenye nyavu. Upande wa mashariki, katika mitaa kama Kaloleni na Pumwani, wafanyakazi walijazana kwenye uwanja wa Barabara ya Donholm, ule tunaouita City Stadium.

Hapo ndipo Joe Kadenge alipotikisa mji. Aliichezea Maragoli United, kisha Abaluhya United, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye ikawa AFC Leopards. Redio ilimpeleka kila nyumba, na usemi wa "Kadenge na mpira" ukabaki vinywani mwa Wakenya hata waliozaliwa baada ya yeye kustaafu. Redio ina tabia hiyo. Humfuata aliye na mpira, wala haina nafasi ya kueleza kwamba beki wa pembeni amepanda, winga amejibana kwenye mstari, na upenyu umefunguka nyuma ya ulinzi. Tulirithi masikio yanayosikia chenga na bao, na yaliyo kati ya hayo mawili yakatupita.

Mwaka 1968 ikaja Gor Mahia na William Ouma "Chege", mfungaji asiye na huruma. Mwaka 1972 Kenya ikafika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, kule Cameroon. Kisha ikaja miaka ninayoiona kuwa bora kuliko yote: chini ya kocha Marshall Mulwa, timu ya taifa, Harambee Stars, ilichukua kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, mwaka 1981, 1982 na 1983, mfululizo. Katika safu ya mbele alikuwepo J. J. Masiga wa AFC Leopards, daktari wa meno aliyecheza pia raga, mtu mwenye mwili wa kusimama katikati ya mabeki wawili na asisukumike.

Lakini kama kuna mtu mmoja ambaye kila kocha wa vijana Nairobi angepaswa kumweleza kwa wanafunzi wake, ni Peter Dawo. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Nelson Mandela, taji la washindi wa makombe barani Afrika, baada ya sare ya 2-2 mjini Tunis dhidi ya Espérance na sare ya 1-1 Kasarani, katika uwanja uliokuwa mpya kabisa. Bao la ugenini liliamua. Dawo alimaliza mashindano na mabao 10, mfungaji bora, na kichwa chake kiliogopwa kuliko miguu ya wengi. Hakuna klabu nyingine ya wanaume ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara.

Mfungaji wa kichwa hashindi kwa kuruka juu tu. Hushinda kwa kuchelewa. Anayefika mapema chini ya mpira husimama, na aliyesimama huruka kwa nguvu ya miguu peke yake. Anayesubiri nyuma ya bega la beki, asikoonekana, kisha akaanza mbio mpira ukiwa tayari hewani, huingia na kasi yake yote. Halafu huupiga mpira kuelekea chini, udunde mbele ya mstari, kwa kuwa kipa aliyekwisha kuruka hana namna ya kurudi ardhini haraka. Ila mbio hizo hazina maana kama anayepiga krosi hajulikani atapiga lini na wapi. Gor ya 1987 ilikuwa na washambuliaji wenye kasi kama Sammy Onyango "Jogoo", na timu ile ilikuwa imecheza pamoja kiasi kwamba Dawo alianza kukimbia kabla winga hajainua mguu.

Baada ya hapo ukame. Sababu ni nyingi: fedha, uongozi, mivutano ya shirikisho. Mimi naongeza moja isiyotajwa sana, nayo ni ardhi. Katika miaka ya 1980 na 1990 viwanja vya umma jijini viligawiwa watu binafsi, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma ilivyoporwa nchini. Kiwanja kikimegwa, humegwa pembeni. Duka linajengwa kwenye mstari wa kushoto, ukuta unasogea kulia, katikati panabaki ukanda mwembamba.

Nenda Kawangware, Kangemi au Kibera jioni yoyote. Utaona watoto wenye vipaji vya kushangaza. Mtoto atampita mmoja, atampita wa pili kwenye nafasi isiyozidi meza, mpira haumtoki mguuni. Kisha atafika pale ambapo winga angetakiwa kuinua kichwa, na atakuta mtaro wa maji machafu au kibanda cha mahamri. Atageuka ndani, apige chenga nyingine. Changarawe nayo hudundisha mpira ovyo, hivyo hathubutu kuupiga ukiwa unakimbia. Huyu anafunzwa kila siku kucheza katikati, wala si kwa kupenda kwake.

Jambo lingine ni hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Dagoretti iko juu zaidi ya katikati ya jiji. Hewa nyepesi huuzuia mpira kidogo, kwa hiyo krosi huruka mbali zaidi na kupinda kidogo kuliko ingekuwa Mombasa. Ndiyo maana krosi nyingi za Uwanja wa Nyayo huvuka vichwa vyote na kutoka nje upande wa pili. Dawa yake inajulikana: piga chini, kwa nguvu, kati ya kipa na mabeki, au fika mstari wa mwisho na urudishe pasi nyuma kwa anayekuja.

Magharibi mwa jiji, hata hivyo, hapajaacha kutoa wafungaji. Dennis Oliech alipitia Dagoretti Santos. Mwaka 2003 alifunga bao dhidi ya Cape Verde lililoipeleka Kenya kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Tunisia 2004, na huko akafunga tena katika ushindi wa 3-0 dhidi ya Burkina Faso. Alipofika Auxerre ya Ufaransa, mara nyingi alipangwa pembeni kulia huku Ireneusz Jelen akikaa katikati. Mfungaji wetu mkubwa alijifunza kazi ya winga ugenini, akiwa mtu mzima, na mwaka 2010 akaifanya mbele ya Real Madrid katika Ligi ya Mabingwa.

Michael Olunga alisoma Upper Hill, kisha Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, katikati ya jiji. Mwaka 2015 aliifungia Gor Mahia mabao 19 katika msimu ambao haikupoteza mechi ya ligi. Novemba 2019 alifunga mabao manane katika mechi moja akiwa na Kashiwa Reysol, na mwaka 2020 akafunga 28 na kuwa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Tazama miguu yake kabla ya kupiga: hatua fupi fupi, mwili umeinamia mpira, na mara nyingi mguso mmoja tu. Tulipoilaza Tanzania 3-2 jijini Cairo mwaka 2019, bao lake la kwanza alilipiga mpira ukiwa hewani, mgongo ukielekea ardhini.

Agosti 2025 Kasarani ilijaa kwa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Kenya ilizifunga DR Kongo, Morocco na Zambia, kila moja 1-0, ikatoka 1-1 na Angola, kisha ikatolewa na Madagascar kwa penalti baada ya 1-1 nyingine. Mechi tano, mabao matano. Bao dhidi ya Angola lilikuwa penalti, na lile dhidi ya Madagascar lilikuwa kichwa cha beki, Alphonce Omija, kutokana na kona. Moyo wa vijana wale ulinigusa sana, lakini hesabu hiyo ni ya timu inayofika pembeni mara chache mno.

Sasa uwanja wa Talanta unajengwa kando ya Barabara ya Ngong, wa watazamaji 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo tutaliandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Uwanja wa kiwango hicho huwa na upana wa mita 68. Kawangware haiko mbali, na mtoto anaweza kufika hapo kwa miguu. Kaunti inaweza kuanza mwaka huu: ipime viwanja vya Kawangware, Kangemi na Riruta, ibomoe kilichojengwa juu ya mistari, iweke nyasi hata kama ni kwenye mabawa mawili tu, na imlipe kocha mmoja kwa kila kiwanja ambaye kila jioni atawapanga watoto wawili wawili, mmoja akipiga krosi kwa mguu wa kushoto, mwingine akichelewesha mbio zake.