Wi-Fi haifiki chumbani? Usikimbilie kifurushi kikubwa
Umepanga Msamvu, ruta iko sebuleni, lakini chumba cha nyuma video inazunguka tu. Kabla hujaongeza kifurushi, angalia ukuta. Tofali za saruji, nondo na hata friji hudhoofisha mawimbi, na kifurushi kikubwa hakivunji ukuta.

Anza na cha bure: toa ruta nyuma ya TV, iweke juu, katikati ya nyumba. Kama inatumia laini ya simu hapo kuna mtihani kidogo, maana mara nyingi dirishani ndiko inakonasa mtandao vizuri. Jaribu sehemu kadhaa.

Cheki na masafa. GHz 5 ina kasi ila inachoka haraka ukutani, GHz 2.4 inafika mbali zaidi.

Bado? Nunua ripita. Wengi huichomeka kwenye chumba kisicho na mtandao kabisa, halafu wanalalamika wameuziwa feki. Iweke njiani, mahali ambapo mtandao bado unashika vizuri. Ujue tu kuwa ripita ya bei rahisi inaweza kukata kasi hata kwa nusu.

Kwa vyumba vya uani, waya wa mtandao ndio mpango mzima: unafika hadi mita 100, na mwisho wake unaweza kufunga ruta ya zamani isambaze Wi-Fi huko.